Sauti Moja na Nusu

Same, Jumapili alasiri

Nakunda mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu tangu saa nane nakusikia hapo uani ukisukwa nywele na kulalamika, "Mama, polepole!" Hali yako naijua, na ya kichwa chako pia naijua. Mimi nipo sebuleni, mlango nimeurudishia, na nimemwambia mama yako kwamba naandika ripoti ya ofisi. Amenitazama tu. Huyo hajawahi kudanganyika na ripoti zangu hata siku moja.

Mambo ya safari siyagusi. Shuka, ndoo, sabuni ile ya foleni iliyokatwa vipande vitatu, barua ya chuo, kubadili basi Chalinze, yote hayo ameshakueleza, na kesho atayarudia mpaka dereva achoke kupiga honi. Mimi nina jambo moja ambalo yeye hawezi kukueleza kwa sababu ni langu. Nitakupa karatasi hizi baada ya chakula. Zisome leo, usiziweke za basini.

Wiki iliyopita ilipofika barua ya Mzee Elifuraha kumjibu mama yako, kwamba atakupokea stendi ya Morogoro na utakaa kwake mpaka chuo kifunguliwe, uliruka kwa furaha. Ukasema, "Baba, kumbe una marafiki wazuri hivi!" Mimi nikatoka nje kwenda kuangalia kuku. Mwanangu, kuku walikuwa salama kabisa. Nilikuwa nakukimbia wewe.

Elifuraha unamjua kwa picha tu, ile ya ukutani tuliyopiga wawili, yeye amevaa koti jeupe na mimi nimesimama pembeni kama mtu aliyesahauliwa. Unajua tulikuwa pamoja katika mchezo wa vitara. Zaidi ya hapo hujui, na mtu anayekwenda kujifunza uhakimu na kulala katika nyumba ya mtu huyo anapaswa kujua. Ni aibu akusikie ukimsifu baba yako mezani kwake halafu anyamaze kwa adabu. Atanyamaza, namjua.

Basi nianzie mbali kidogo. Mwaka wa pili baada ya Uhuru nilikuwa Dar es Salaam, karani wa masjala, cheo cha chini kabisa. Chini yangu kulikuwa na mafaili tu. Karibu na tulipopanga kulikuwa na ukumbi, na kila Jumatano mwalimu mmoja wa kigeni, mwembamba, sauti kama ya mbuzi, alifundisha vijana kupigana kwa vitara. Usifikirie sime za huku kwetu. Kitara ni chuma chembamba kisicho na makali, nchani kina kifundo, na mchezaji anavaa koti nene na kinyago cha waya usoni. Kazi ni kumgusa mwenzako kifuani kabla hajakugusa wewe. Kinakwenda haraka mno. Ukipepesa macho, imekwisha.

Kwa hiyo walihitajika watu wa kutazama. Wanne wanasimama pembeni, mmoja kila pembe, na mwamuzi mkuu anasimama katikati. Mwalimu yule alitutaka sisi makarani, bure, bila hata soda, kwa sababu alisema tumezoea kukaa kimya na kutazama. Mimi kucheza sikujua na sikutaka. Lakini ile kazi ya kusimama pembeni niliipenda, acha bwana! Mtu mdogo kama mimi anaulizwa mbele ya watu, "Uliona?" na ukumbi mzima unangoja jibu lake.

Siku moja alicheza bwana mmoja mkubwa wangu wa ofisini. Nilipoulizwa kama amemgusa mwenzake, nikasema ndiyo. Mwalimu akanigeukia.

"Uliona?"

"Nadhani, mwalimu."

"Sikukuuliza unadhani nini. Kuna majibu matatu hapa. Ndiyo, hapana, na sikuona. Kama hukuona, sema hukuona. Hakuna aibu."

Nililishika jibu lile la tatu kwa mikono miwili. Nilikuwa kijana mwoga kidogo, nakiri, na hapa nilikuwa nimepewa neno la heshima la kukaa nalo katikati. Wiki zilizofuata nilisema sikuona pale ambapo kweli sikuona, na watu wakaanza kuniamini. Nikajiona mtu wa haki. Mpaka leo naamini siku zile nilikuwa hivyo.

Ila kuna kanuni moja lazima uijue, maana jambo lenyewe limekaa humo. Kila mtu wa pembeni ana sauti moja. Mwamuzi mkuu ana sauti moja na nusu. Kila mchezaji anatazamwa na watu wawili, na wale wawili wakikubaliana, wana sauti mbili, mkubwa ameshindwa. Lakini mmoja wao akisema sikuona, sauti yake inahesabika sifuri, na yule mwenzake anabaki peke yake na moja yake mbele ya moja na nusu. Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu kwenye daftari. Niliielewa vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Usije ukasema baba yako hakujua alichofanya.

Nilipohamishiwa huku nyumbani, Same, nilikuja na vitara viwili na vinyago viwili vya waya alivyoniachia mwalimu yule alipoondoka nchini. Watu walivyoviona vinyago wakafurahi wakidhani nimeleta zana za kurinia asali. Mjomba wako alivitaka pale pale. Mimi nikaanzisha timu ya jioni, walimu wawili watatu, vijana wa ofisini, na bwana shamba mgeni aliyeletwa kutoka Usangi, mrefu, mcheshi, anapanda milima yetu kwa baiskeli kama anateremka. Huyo ndiye Elifuraha.

Alijifunza haraka kuliko wote. Lakini sikumpenda kwa hilo. Nilimpenda kwa siku moja ya Saba Saba, uwanjani, tulipoonyesha mchezo mbele ya watu wote. Anacheza na mwalimu mmoja, mshindi ni wa mguso unaofuata, watu wanapiga kelele kama wako kwenye mpira. Mimi ndiye mwamuzi mkuu. Wakagongana, nikasimamisha, nikauliza pembe zote nne. Sikuona. Sikuona. Sikuona. Sikuona. Nami mwenyewe sikuona. Nikafungua mdomo kusema mchezo uendelee. Elifuraha akavua kinyago, jasho linamtiririka, akaweka kidole kifuani.

"Nimeguswa," akasema. "Hapa."

Akawa ameshindwa, hivyo hivyo, kwa mdomo wake mwenyewe. Mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa sauti, "Huyu ni mjinga au ni mchungaji?" Uwanja wote ukacheka, na Elifuraha akacheka kuliko wote. Usiku huo alikula makande kwetu, na mama yako akampakulia mara tatu.

Sasa nakuja penyewe. Vuta kiti.

Miaka ya Operesheni, watu walipokuwa wanahamishwa kwenda vijiji vya pamoja, mimi nilikuwa karani wa orodha. Natembea na ubao na karatasi, naandika kaya, idadi ya watu, mifugo. Vijiji vingi watu walihama wakaanza maisha, wengine wanashukuru mpaka leo, sitaki uchukue jambo moja ukalifanya ndiyo historia yote. Lakini kulikuwa na kitongoji kimoja juu mlimani, jina lake nitakuambia kwa mdomo, watu wake walitakiwa kushuka tambarare. Walikuwa na ndiva yao. Unazijua ndiva za huko, bwawa la mawe na udongo lililojengwa na mababu, maji yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu kila shamba na siku yake. Maharage yalikuwa yametoa maua.

Elifuraha alisimama mkutanoni akasema wangojwe wavune, na kule chini mfereji umalizwe kwanza, watu wasiende kukaa kwenye vumbi. Mkuu wa operesheni, mtu wa kuja, simtaji jina, akamuuliza, "Bwana shamba, wewe ni wa Chama au wa maharage?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Andika na hilo.

Siku tatu baadaye, asubuhi, mkuu yule alipanda mlimani na mgambo watatu, na mimi nyuma na ubao wangu. Watu walikuwa hawajafungasha. Akatembea juu ya ukuta wa ndiva, akasimama, akagonga mahali kwa fimbo yake, akasema, "Bomoeni hapa. Wakikosa maji watashuka wenyewe." Nilikuwa hatua kumi. Hakukuwa na ukungu. Sikuwa nimeinama kuandika. Mgambo walitazamana kwanza, kisha wakapiga sururu.

Maji ya ndiva iliyojaa si maji ya mchezo, mwanangu. Yalishuka na mawe na matope, yakapita kwenye maharage ya Bibi Naetwe yakachukua kila kitu, yakachukua na ukuta mmoja wa nyumba yake. Mtu hakufa, namshukuru Mungu. Nilimkuta amesimama kwenye matope mpaka magotini, ameshika sufuria, kama mtu aliyetumwa kitu akasahau ni nini. Alikuwa mjane. Shamba lingine hakuwa nalo.

Malalamiko yakafika mbali. Wakaja watu watatu kuchunguza, wakakaa darasani, sisi tukakaa kwenye madawati ya watoto. Mkuu yule akasema ndiva ilifunguliwa na bwana shamba kwa hasira ya kupingwa mkutanoni, tena bila ujuzi, ikabomoka. Mgambo wakasema hivyo hivyo, sawa na walivyofundishwa. Akaitwa Bibi Naetwe. Hakukaa. Akamnyooshea mkuu kidole: "Ni huyu. Aligonga kwa fimbo hiyo hiyo aliyoshika." Mmoja wa wale watatu akamuuliza kwa upole kama macho yake bado yanaona mbali. Akajibu, "Yanakuona wewe hujanyoa." Watu wakaguna, lakini niliona kalamu haiandiki. Walihitaji mtu wa pili.

Nikaitwa.

"Karani, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona nani aliamuru ukuta ubomolewe?"

Nakunda, nilijua. Nilijua kwamba tuko wawili, mimi na yule bibi, na kwamba tukikubaliana tunamshinda yule wa moja na nusu. Nilifikiria cheo kilichokuwa njiani, nyumba ya serikali tuliyoahidiwa, na ninyi watoto wanne. Hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye, kwamba niliwafikiria ninyi. Uongo. Niliogopa tu. 

Nikasema, "Sikuona."

Ndilo jibu lile la heshima nililofundishwa. Nilitumia hata sauti ile ile niliyokuwa natumia uwanjani, tulivu, ya mtu asiye na upande. Elifuraha alikuwa kwenye dawati la mbele, kofia ameiweka magotini. Hakugeuka. Bibi Naetwe ndiye aliyegeuka, akanitazama, akatoka nje bila kuaga.

Nje Elifuraha alikuwa anafungua mnyororo wa baiskeli. Nikamsogelea, nikamshikia usukani. Akaniuliza yeye.

"Ulisimama pembe ipi?"

"Ile ya kushoto," nikasema. "Karibu na mfereji."

"Basi," akasema, akapanda akaondoka. Pembe ile, mwanangu, ndiyo inayoona vizuri kuliko zote.

Walimshusha cheo wakampeleka Morogoro, mtunza ghala la mbolea. Mimi cheo nilipata, na nyumba hii unayosukiwa nywele uani mwake. Jioni ile ya uchunguzi mama yako aliniuliza nilisema nini. Nikamwambia nilisema sikuona. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Hata kuku angeona." Hatukuzungumza mpaka Ijumaa.

Uamuzi wa mchezo niliuacha. Watu niliwaambia ni mgongo. Mgongo haukuwa na neno. Nilisimama uwanjani mara moja tu baada ya hapo, nikauliza pembe, kijana mmoja akajibu sikuona, na mimi nikaacha mchezo katikati nikaenda nyumbani. Vinyago nikampa mjomba wako, na sasa anarinia asali kweli kama alivyotaka tangu mwanzo. Watu wameendelea kuniita Mwamuzi. Kila wakiniita naitika, maana nitafanyaje?

Ningeweza kufa na jambo hili, wengi wanakufa na makubwa zaidi. Lakini kuna siku ulikuwa darasa la sita, mbuzi wetu waliingia kwenye bustani ya jirani wakamaliza mchicha wote. Nikawauliza nani aliacha lango wazi. Kaka yako ndiye, ilionekana wazi usoni kwake. Nikakuuliza wewe, kwa sababu ulikuwa umekaa pale pale langoni. Ukatazama sakafu ukasema, "Sikuona, baba." Tulivu kabisa. Sauti yangu, mdomoni mwako. Nilikupiga kofi ambalo sijawahi kumpiga mtoto wangu yeyote, na ulilia mpaka ukapata kwikwi, na mpaka leo unadhani lilikuwa kofi la mbuzi. Halikuwa la mbuzi, wala halikuwa lako. Nisamehe, mama. Limeniuma miaka yote hii kuliko lilivyokuuma wewe, na najua hilo halikupunguzii kitu.

Sasa unakwenda kujifunza kukaa kwenye kile kiti. Watakuja mbele yako watu kama mimi, mashati yamepigwa pasi, wanaongea vizuri, hawamsingizii mtu yeyote. Sikuambii uwafanye nini. Chuo kitakuambia, na mengine utayaona mwenyewe. Nataka tu ujue mtu huyo anavyofikiri anapokuwa amesimama pale, kwa sababu umekula chumvi yake tangu uzaliwe. Na atakapokuja bibi mmoja peke yake na kidole chake, mwandike.

Nilikuwa na mpango mzuri sana, wa kikarani. Niliandika maelezo yangu ukurasa mmoja: niliona, nilikuwa hatua kumi, aliyeamuru ni fulani, bwana shamba hakuwepo kabisa. Nikasaini. Nikataka ukifika umkabidhi Elifuraha bahasha, useme baba anakusalimu. Jumatano nilimwambia mama yako. Alikuwa anafunga kile kifurushi cha tangawizi cha kumpelekea. Akakaza fundo, akasema, "Mtoto anakwenda kusoma. Haendi kukusemea."

Basi mpango ukafa.

Nimefanya hivi. Nakala moja ya maelezo niliitia posta Ijumaa, inakwenda mkoani. Yule mkuu siku hizi ni mkubwa zaidi, na mimi nimebakiza miaka minne kustaafu. Inawezekana isinifikishe mahali pazuri. Mama yako anajua, na amesema tutarudi mlimani tukalime, hakuipenda nyumba hii tangu siku ya kwanza. Bibi Naetwe alifariki mwaka juzi. Kwake nimechelewa, na hilo hakuna barua wala safari inayoweza kulitengeneza. Nimekwenda kwenye kaburi lake nikasema kwa sauti, nikajiona mpumbavu, lakini nilisema.

Nakala ya pili ninayo mfukoni, na tiketi pia ninayo. Nimeomba ruhusa ya siku nne. Kesho tunapanda basi pamoja.

Najua utashtuka, na labda ulikuwa na hamu ya kusafiri peke yako kama mtu mzima. Nivumilie. Nimekuandikia kwa sababu kinywa changu nakijua: basini nitaongea habari za mvua na bei ya mahindi mpaka Korogwe, halafu nitasinzia. Usinichokoze njiani. Nitakuwa nakusanya nguvu.

Tukishuka Morogoro atakuwa pale, mrefu, labda mvi zimemjaa sasa. Mpe shikamoo yako, atakuitikia, atakushika mikono. Atauliza kama tumechoka. Hapo utaniona nimeanza kuzungukazunguka, naulizia ndoo, namdai utingo mzigo ambao tayari ninao. Usinisaidie. Usinisemee, usinivute mkono, usiende kununua maji ili kunipa nafasi.

Weka sanduku chini, usimame karibu, kushoto kwangu. Nitavua kofia, nitaweka kidole hapa kifuani. Tazama vizuri, Nakunda. Siku mtu akikuuliza kama baba yako alisema, nataka wewe uwe umeona.

Baba yako.